Nyumba ya Bi Mwanawema, Uwanja wa Mzee Silima

Bi Mwanawema alinipa chumba baada ya kunitazama nikitawadha.

Sikujua kama natazamwa. Nilikuwa nimeingia Chake Chake mchana wa jua kali, begi begani, nikaelekezwa kwenye nyumba ya makuti mwisho wa mji, njia ya Vitongoji, nikaambiwa mwenyewe yuko uani. Aliitikia salamu, akanionyesha pipa la maji na kata, akasema adhuhuri imeshaingia, nisali kwanza, maneno baadaye. Nilipomaliza, naye alikuwa keshaamua.

"Chumba cha pili, mkono wa kulia. Karibu."

"Lakini bibi, hata jina hukuniuliza."

"Jina utaniambia. Ntu anayetafuta chumba husema uwongo kwa jina, kwa kazi, hata kwa kabila lake. Kwa maji hasemi uwongo. Anayemwaga pipa zima kwa uso mmoja, huyo kesho ataniambia pipa lako linavuja."

Nimepanga vyumba Aden, ambako mwenye nyumba hutaka barua ya tajiri wako. Nimepanga Moroni, ambako hutaka kujua mama yako katoka mtaa gani. Nimepanga Mombasa, ambako kodi hutangulia salamu. Mtihani mfupi na wa haki kama ule sijapata kuuona popote. Nilifurahi kuufaulu bila kuusomea, nikakaa Pemba kupita nilivyokusudia. Ndiyo sababu nilikuwapo mwaka ule wa 1959, wakati nyumba yenyewe ilipokaribia kung'olewa.

Mwanawema binti Ngwali alizaliwa Kojani, kisiwa kidogo cha wavuvi kisichofikika ila kwa chombo. Nyumba za huko zimesongamana hata ukipiga chafya, anayekuombea rehema ni jirani wa nyumba ya tatu. "Kojani kila ntu ni mpangaji wa mwenzake," alikuwa akisema. "Huko ndiko nilikosoma." Aliolewa Chake na seremala aitwaye Vuai, na Vuai ndiye aliyeijenga nyumba ile kwa mikono yake: nguzo za mikoko, kuta za fito na udongo, vyumba sita, na ukumbi ulionyooka kutoka mlango wa mbele hadi uani. Mirathi ilipogawiwa baada ya kifo chake, ndugu walichukua zana na ng'ombe, mjane akabaki na nyumba. Mtoto hakuwa naye. Uwanja pia hakuwa nao.

Hapo mgeni huchanganyikiwa. Pemba nyumba ni kitu kimoja, ardhi iliyoikalia ni kitu kingine, na mti ulioota juu ya ardhi hiyo ni kitu cha tatu, na vyote vitatu vinaweza kuwa na wenyewe watatu wasioamkiana. Uwanja wa nyumba ile ulikuwa wa Mzee Silima bin Jecha, mwenye shamba la mikarafuu lililoanzia nyuma ya choo cha Bi Mwanawema na kuteremka hadi bondeni. Siku alipompa Vuai ruhusa, mbele ya mashahidi, alisema: "Jenga. Kaa. Usipande." Muhogo ruhusa, mchicha ruhusa, kwa kuwa hivyo huvunwa vikaisha. Mti wa kudumu, hapana. Mti ni wa aliyeupanda, na aliyepanda mti ana neno juu ya ardhi, yeye na wanawe na wajukuu zake. Siku mwenye shamba akiutaka uwanja wake, nyumba ya udongo itashuka kwa asubuhi moja. Mnazi huuambii uhame ukahama.

Hakuna aliyeyaandika maneno hayo, wala hapakuwa na haja. Kila mtoto wa Pemba huyajua kabla hajatoka chuo cha Kurani.

Watu hudhani kazi ya mwenye nyumba ni kukaa barazani akingoja mwezi uandame. Ningewaleta wamwone Bi Mwanawema kabla ya masika! Jua likiwa utosini aliingia chumba hadi chumba, akafunga dirisha, akafunga mlango, akasimama gizani shingo imeelekea juu. Siku moja aliniingiza naye, tukasimama kama wezi.

"Unaona nini?"

"Nyota," nikasema. Na kweli paa lote lilikuwa limejaa nyota ndogondogo za mwanga.

"Penye nyota ndipo pa kuti jipya. Ukingoja mvua ikuonyeshe, mpangaji ataanika godoro barazani kila ntu alione, na weye ndiye uliyemnyeshea."

Pesa ya kwanza iliyopatikana ilikwenda chooni, kabla ya ukumbi wanaouona wageni. "Chumba kibaya ntu huvumilia," alisema. "Choo kibaya humhamisha, kisha akakwambia kahama kwa ajili ya kazi." Jiko lilikuwa moja tu, uani, mbali na makuti, na aliyekutwa anachemsha chai chumbani alipewa siku ile ile ya kutafuta pa kwenda, awe nani. Na kwa kuwa ilikuwa miaka ya siasa, watu waliokula sinia moja tangu utoto wakisusiana hata maziko, alikuwa na neno lake kwa hilo nalo. Wapangaji wawili wa vyama viwili walipoanza kugombana ukutani, mmoja huku na mmoja kule, alitoka na mwiko mkononi.

"Chama mnacho nyinyi. Ukuta ni wangu. Msiupige!"

Lakini roho ya nyumba ilikuwa msimu wa karafuu. Karafuu zikiiva, Pemba haiwezi kuzichuma peke yake. Watu huja kutoka Tumbatu, Makunduchi, na bara, na wote hao wanataka pa kulaza ubavu. Kwao alikuwa na sharti moja lisilo mjadala: karafuu mbichi haivuki kizingiti. Mchumaji mjanja huficha uvunguni fungu aliloiba shambani. Karafuu mbichi ikifungiwa huchemka yenyewe, hutoa jasho, na harufu yake huingia kwenye udongo wa ukuta ikakaa. "Na askari akipita," alisema Bi Mwanawema, "pua yake haiulizi nani mpangaji, nani mwenye nyumba."

Mwaka ule mikarafuu ilizaa kama imechokozwa. Matawi yaliinama hadi unaweza kuyashika bila ngazi. Watu walitembea njiani wakitazama juu, wakigongana, wakicheka. Wamakunduchi waliopanga kwake kila msimu walituma salamu kwamba safari hii wanakuja wengi, na wake zao, na kwamba vyumba vyote vitatu vya nyuma wasipewe watu wengine. Nyumba nzima ikaingia mbioni! Tulikanyaga udongo kwa miguu, tukaziba nyufa, tukakaza kamba za vitanda. Bi Mwanawema alikuwa kila mahali, kanga kiunoni, akiimba kwa sauti isiyo na wimbo.

Chumba cha mbele alikaa Hamad bin Nyange na mkewe Moza. Hawa hawakuwa wa msimu. Walikuwa watu wa nyumbani. Babu yake Hamad alitoka Unyamwezi, yeye mwenyewe alizaliwa Chake na alikuwa mchukuzi wa magunia, bega moja limeshuka kuliko la pili. Moza alikuwa mtoto wa Msuka, kaskazini kabisa, na kwa desturi uzazi wa kwanza angekwenda kujifungulia kwao. Mkoba ulishafungwa. Uchungu ukamshika kabla ya gari.

Basi mtoto akazaliwa pale, chumba cha mbele, mikononi mwa Bi Siti mkunga, na vigelegele vikatoka mpaka barabarani. Nyumba ile haikuwa imewahi kupata mtoto. Bi Mwanawema alilia, akacheka, akapika uji wa pilipili manga wa kulisha harusi. Siku kitovu kilipoanguka, Bi Siti alikifunga kwenye kitambaa cheupe. Hamad alikuwa ameleta nazi iliyoota, kachipukizi kake ka kijani kamesimama wima, kutoka kwa shemeji yake Vitongoji. Na aliyeshika jembe akachimba shimo uani, baina ya jiko na pipa la maji, alikuwa Bi Mwanawema mwenyewe. Hakukubali apokewe. Kitovu kikatiwa chini, mche ukawekwa juu, udongo ukafukiwa, na sisi sote tukapiga makofi.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka. Najiuliza mpaka leo ilikuwaje, na jibu ni moja tu. Machoni petu hatukupanda mti siku ile. Tulikuwa tunamweka mtoto duniani.

Mzee Silima alikuja siku chache baadaye kutoa hongera, kuku mkononi, kanzu imepigwa pasi. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, mwenye kupenda utani. Alikula wali, akasifu udongo mpya wa ukuta, akatoka uani kunawa mikono. Nilikuwa nashika birika nikimmiminia, nikaona vidole vyake vimesimama chini ya maji.

"Mwanawema. Huu nini?"

"Kitovu cha mtoto, mzee."

"Kitovu sikioni. Naona nnazi."

Kuku aliyemleta akalia jikoni. Hamad alisimama mlangoni na sahani zake.

"Nani kaupanda?"

Angeweza kumtaja Hamad, mwenye mche. Hakumtaja. "Shimo kachimba miye," akasema.

"Vuai nilimwambiaje?"

"Jenga, kaa, usipande."

"Kumbe unakumbuka vizuri." Alijifuta mikono taratibu, kidole kwa kidole. "Mwanawema, weye sikudhanii ubaya. Lakini babangu naye hakumdhania ubaya yule bwana wa Vitongoji aliyemwomba apande minazi mitatu, apate kivuli cha kushonea nyavu. Leo wajukuu wa bwana yule wananiita kwa kadhi. Nikitaka kupita kwenye shamba la babangu, nabisha hodi! Kwa minazi mitatu!"

"Huu ni mmoja, mzee."

"Na ile ilianza na mmoja." Sauti ilikuwa imepanda. "Ng'oa nnazi, ama ng'oa nyumba. Milango na nguzo zako uchukue, sikuzuii. Na iwe kabla wachumaji hawajafika. Wakija wakaukuta umesimama na miye nimenyamaza, wote hao ni mashahidi."

Dirisha la ubavuni la chumba cha mbele, lililotazama uani, likafunguka. Moza alikuwa hajamaliza arobaini, haruhusiwi kutoka, lakini sauti haina arobaini.

"Mzee Silima, sabalkheri!"

Mzee aligeuza uso haraka, asimtazame mzazi, akawa anazungumza na ukuta wa jiko. "Sabalkheri, mwanangu. Hongera."

"Ahsante. Ukiung'oa huo, ning'oe na miye!"

"Mwanangu, miye sina neno na mtoto—"

"Mtoto ndiye huyo hapo chini!"

Mzee Silima aliuaga ukuta kwa heshima zote, akaondoka. Nyuma yake nyumba ikawa soko.

"Tuutie kwenye debe," alisema Hamad. "Mti wa debe haukupandwa, umewekwa tu. Hana neno tena."

"Debe!" alisema Moza dirishani. "Mwanangu ana mnazi wa debe! Akienda shule wamwite Mafuta ya Taa!"

"Kitovu hakihamishwi," alisema Bi Siti mkunga, aliyekuwa amekuja kumkanda mzazi. "Mtoto aliyehamishwa kitovu hatulii mahali. Atakuwa mtembezi, leo nchi hii, kesho nchi ile, kwao hajui wapi."

Wote wakanigeukia mimi. Nikainama kufunga kamba ya kiatu, na viatu vyangu havikuwa na kamba.

Jirani yetu Mwanakhamis alichungulia juu ya ua wa makuti. Hakuhitaji kusimuliwa, alishasikia yote. "Bibi wee, jambo jepesi hili. Niachie nimfungulie mbuzi wangu jioni. Asubuhi nnazi hakuna, na mbuzi hana kesi."

Ilikuwa njia rahisi kweli kweli. Mzee Silima angeridhika, Moza angemlaani mbuzi, wachumaji wangefika, nyumba ingesimama. Bi Mwanawema aliutazama ule mche, majani yake mawili yamekunjana kama mikono ya anayeomba dua.

"Na mtoto akishikwa na homa mwaka huu," akasema, "mama yake nimwambie nini? Na akipona, nitamtazama vipi? Mfunge mbuzi wako, Mwanakhamis. Tena umfunge vizuri."

Akaketi kwenye mbuzi ya kukunia, akakuna nazi ambayo hakuna aliyeihitaji. Tuliisikia ikikunwa tu, kwa nguvu, hata kifuu. Nyumba hiyo ndiyo ilikuwa chakula chake na jina lake. Bila uwanja, kilichobaki ni rundo la nguzo na mlango, na jamaa wa Kojani ambao wangempokea kwa mapenzi, kwenye pembe ya chumba cha watu. Mwenye vyumba sita awe mgeni wa pembe moja!

Ghafla kukuna kukakoma.

"Mti ni wa nani?"

"Bibi?"

"Nakuulizeni. Mti, ni wa nani?"

"Wa aliyeupanda," tukajibu kwa pamoja, kama watoto wa chuo.

"Basi kosa si nnazi kuwapo hapo." Alikuwa ameshasimama, chembe za nazi zinamwagika kutoka mapajani. "Kosa ni kwamba kapanda ntu siye! Hamad, vaa kanzu. Buibui langu liko wapi? Jamani, buibui langu!"

Nilikwenda nao, maana hakuna aliyenikataza. Alitembea mbele kwa kasi, Hamad na miguu yake mirefu anatweta nyuma. Mzee Silima tulimkuta barazani kwake, anasuka ukili wa mkeka kutuliza hasira.

"Mzee, nimekuja. Sikuja kuomba radhi. Hiyo nitaiomba baadaye, nina swali kwanza."

"Haya."

"Mikarafuu ile ya bondeni nani kaipanda?"

"Mingine babangu, mingine miye. Kwani huijui?"

"Kuna ntu anayekudai kwa mikarafuu hiyo?"

"Nani anidai? Nti wangu, ardhi yangu."

"Basi njoo upande nnazi wako."

Ukili ukasimama mikononi mwake. Alimtazama Bi Mwanawema, akamtazama Hamad, akanitazama hata mimi, kutafuta nani anafanya mzaha.

"Hamad atauinua na udongo wake wote," alisema Bi Mwanawema, maneno yanakimbizana, "uutoe ardhini kweli, watu waone, kisha uurudishe kwa mkono wako shimo lile lile. Ukishaurudisha ni wako, kama huu ukili. Weye umepanda nnazi wako kwenye uwanja wako, nani ana neno? Na kitovu kipo palepale."

"Na kitovu chenyewe?"

"Kitovu hakidai shamba, mzee. Kinataka kutulia tu."

"Na huyu? Kesho akisema wake?"

Hamad alikuwa hajafungua kinywa tangu tulipofika. "Mzee, mbele ya sheha wa mtaa nitasema nnazi si wangu. Wangu ni yule anayelia chumbani kwangu. Huyo ukinichukulia ndiyo tutagombana."

Mzee Silima alirudi kwenye ukili wake, akasuka kidogo, akafumua alichosuka. "Weye mwanamke wa Kojani una akili ya pweza," akasema mwisho. "Lakini nimekuona. Nikishaupanda miye juu ya kitovu cha mtoto wa watu, naweza kuukata tena?"

"Huwezi."

"Shamba likiuzwa?"

"Anayenunua utamwambia. Weye huwezi kuukata, miye siwezi kuudai. Kila mmoja na kamba yake shingoni. Kamba moja tu ndiyo mbaya, mzee. Kamba mbili hushikana."

Nimeona mabalozi wa serikali wakikaa mezani wiki nzima wasifike hapo alipofika mwanamke yule, amesimama, chembe za nazi bado zimemganda vidoleni.

"Kesho asubuhi," alisema Mzee Silima. "Nitakuja na sheha. Na nitajionea mwenyewe kama umetoka ardhini. Sipandi nnazi wa maneno."

Asubuhi uani palijaa. Sheha alikaa kwenye kiti cha pekee tulichokuwa nacho. Mwanakhamis alikuja na mbuzi wake kwa kamba fupi, ili watu wauone uaminifu wake. Dirishani Moza alikuwa amemkumbatia mtoto, na midomo yake ilikuwa inasoma.

Hamad alianza mbali, akikata udongo kwa jembe pande zote, mduara mpana, kwani kitambaa kile kilikuwa chini na hapana aliyejua mizizi imefika wapi. Kisha akaliacha jembe akaendelea kwa vidole. Mtu anayerusha magunia begani kama mito, siku ile alikuwa anachimba kama anatoa mwiba jichoni. Alipoingiza mikono chini ya bonge, ufa ukapita katikati ya udongo.

"Usitikise!" Bi Siti alipiga kelele.

"Sitikisi!"

"Unatikisa!"

Bi Mwanawema alishajitupa chini, akalikumbatia lile bonge kwa kanga yake kulizuia lisipasuke, shavu lake limegusa majani. Wakainuka pamoja, pole pole, yeye na Hamad, na mnazi ukapanda juu, na chini yake tukaona mwanga. Sheha aliinama kabisa akachungulia.

"Umetoka," akasema. "Nashuhudia. Hewa imepita."

Ufa ukaongezeka. "Mzee, haraka!" alisema Hamad.

Mzee Silima alikuwa ameazimia, nadhani, kuifanya kazi ile kwa haiba, ameinama kidogo tu. Bonge halikumpa nafasi. Alipiga magoti kwenye tope na kanzu yake, akalipokea mikononi, likamlemea, akaliteremsha shimoni huku anasema bismillahi kwa sauti ya mtu anayebeba maji yaliyojaa. Likakaa. Akafukia kwa viganja, akashindilia, akaongeza udongo, akashindilia tena, na jasho lilimtoka kwa kweli.

"Mashahidi muwe," akasema akitweta. "Nimepanda nnazi wangu kwenye uwanja wangu."

"Na mtoto?" Sauti ya dirishani.

Mzee akageukia ukuta wa jiko. "Anaitwa nani, mwanangu?"

"Jaribu."

"Na chini yake ni kitovu cha Jaribu bin Hamad. Sikigusi, wala hakigusi atakayenirithi."

Hapo ndipo vigelegele vilipopasuka! Bi Siti, Mwanakhamis, wanawake wa nyumba za jirani, na Moza juu yao wote. Mbuzi alishtuka akakata kamba, na sheha mwenyewe ndiye aliyemkamata, kwa pembe, hatua moja kutoka kwenye mnazi. Bi Mwanawema hakupiga kigelegele. Alikuwa amekaa palepale chini, mikono imejaa udongo, anacheka bila sauti, mabega yanatikisika.

Kisha akanyanyuka, akajipangusa, na nikaona kale kajicho kake.

"Mzee Silima."

"Naam."

"Uwanja huu kila msimu nakuletea kodi yake."

"Unaleta, tena kwa wakati."

"Na nnazi wako umekaa uani kwangu. Basi na weye ni mpangaji wangu."

Sheha alikohoa ndani ya kofia yake. Mzee Silima, bado amepiga magoti, alishindilia udongo mara ya mwisho.

"Utautilia maji, lakini," akasema.

"Mwenye nyumba hamtilii mpangaji maji, mzee. Pipa lile, kata ile. Jikaribishe."

Mzee alicheka mpaka akakosa nguvu za kuinuka, na Hamad akalazimika kumshika kwapa. Bado anainuliwa tuliposikia honi barabarani, mara mbili, tatu, na gari la abiria kutoka bandari ya Mkoani likasimama mbele ya nyumba, watu wamekaa hata juu ya mizigo. Wamakunduchi walikuwa wamefika! Waliteremka na mapakacha yao, mikeka, masufuria, wake zao wakiitana, wakapita ukumbini moja kwa moja mpaka uani, wakaikuta ile ghasia yetu yote.

Wa mbele yao alikuwa kijana mgeni, msimu wake wa kwanza Pemba. Alimwona mzee mmoja mrefu, kanzu imetapakaa tope hadi magotini, mikono myeusi kama ya mchimba kisima, akamdhania mfanyakazi wa nyumba.

"Shikamoo, mzee. Mwenye nyumba yuko wapi?"

Mzee Silima alijitazama kanzu, akatazama mikono yake, akamtazama Bi Mwanawema aliyekuwa anajifunga kanga upya kupokea wageni wake.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Mwenye nyumba yule pale. Miye mwenye nnazi."